Kisu cha Nepal: nunua kazi, usinunue hadithi

SIKU hizi watu wa mjini wamependa milima. Jumamosi alfajiri utawaona vijana kwenye vituo vya matatu, mifuko mgongoni, wengine wanaelekea Ngong, wengine Longonot, na wale wenye pumzi ndefu wanakwenda Aberdare au Mlima Kenya. Wazazi nao hawakubaki nyuma. Likizo ya shule ikifika, familia nyingi hukunja hema, hupakia sufuria na watoto garini, kisha huenda kulala nyikani siku mbili tatu. Ni jambo jema. Mtoto aliyelelewa ghorofani naye aijue harufu ya moshi wa kuni.

Safari hizo zimeleta maswali ya vifaa, na swali moja limenifikia zaidi ya mara moja. Je, yafaa kununua kile kisu kilichopinda cha Nepal kwa matumizi ya kambini? Kijana mmoja wa chuo kikuu ameniambia kwamba chama chao cha wapanda milima kimechanga pesa ili kinunue kimoja cha kundi zima, lakini hawajui waanzie wapi. Naye mama mmoja ana mume anayekwenda Kathmandu kikazi, na kitinda mimba wao ameagiza aletewe “kisu cha Gurkha”. Mama anauliza: “Hiki ni kifaa au ni balaa?”

Ndugu msomaji, chaweza kuwa kimoja kati ya hivyo viwili. Inategemea ni kisu gani ulichonunua na ni mkono gani unaokishika. Kwa hivyo Jumapili hii tukae kitako tukitazame kisu hiki, tangu kwa mhunzi hadi kwenye hema lako, ili ukitoa pesa yako ujue unalipia nini.

Kisu chenyewe

Kwao Nepal huitwa khukuri. Waingereza walizoea kuandika kukri, na ndilo jina utakaloliona madukani. Ni kisu kizito ambacho ubapa wake umepinda kuelekea mbele, mfano wa mkono uliokunjwa kidogo penye kiwiko, na makali yako upande wa ndani wa pindo hilo. Vile vya kazi za kawaida huwa na ubapa wa inchi 10 hadi 12, na mgongo wake huweza kufika unene wa milimita 8 au hata 10. Linganisha na panga lako la nyumbani, ambalo ni refu na jembamba, utaona tofauti mara moja.

Siri ya khukuri iko kwenye uzito. Ubapa huanza ukiwa mwembamba karibu na mpini, kisha hupanuka kuelekea mbele kama tumbo, halafu hukusanyika tena kwenye ncha. Kwa hivyo ukikiinua na kukishusha juu ya kuni, lile tumbo ndilo linalofika kwanza na uzito wote. Hapo kisu hugeuka kuwa shoka dogo. Ukitaka kuchonga kijiti cha kuinjikia sufuria au kumenya kiazi, unasogeza kazi karibu na mpini palipo pembamba, na kisu kinakuwa kisu tena. Ndiyo maana mwanakijiji wa milima ya Nepal hutosheka na chuma hiki kimoja. Hufyekea njia, hupasulia kuni, huchinjia mbuzi, na jioni hukitumia jikoni. Wakati wa sikukuu kubwa ya Dashain, mwezi wa Septemba au Oktoba, kisu hicho pamoja na zana nyingine huheshimiwa kwa ibada.

Ukikitazama vizuri utaona pengo dogo lililokatwa kwenye makali karibu na mpini. Kila mzee wa Nepal ana maelezo yake kuhusu pengo hilo. Wapo wasemao ni alama ya dini, kama vile kwato ya ng'ombe au silaha ya mungu Shiva. Wengine husema huzuia damu au utomvu usitiririke hadi mkononi. Utaona vile vile kwamba ala yake imebeba visu viwili vidogo. Kimoja huitwa karda, nacho ni cha kazi ndogo ndogo. Cha pili huitwa chakmak, nacho ni butu kwa makusudi, maana kazi yake ni kunyoosha makali yaliyolala na kugongwa kwenye jiwe gumu ili kutoa cheche za moto.

Hadithi zinazouza kisu

Wengi wetu tumelisikia jina la kisu hiki kupitia askari wa Gurkha. Jina hilo limetokana na Gorkha, mji wa milimani ambao wafalme wake ndio waliokuja kuunganisha Nepal. Katika Makumbusho ya Taifa mjini Kathmandu huhifadhiwa khukuri inayosemekana ilikuwa ya Drabya Shah, mfalme wa Gorkha wa karne ya 16. Waingereza walikutana na kisu hicho vitani kati ya mwaka wa 1814 na 1816, wakapendezwa na ujasiri wa wapinzani wao hata wakaanza kuwaandikisha jeshini mwaka wa 1815. Tangu wakati huo khukuri imekuwa nembo ya askari hao.

Nasi hatuko mbali na habari hiyo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari wa KAR kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipelekwa Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapigana katika bonde la Kabaw mwaka wa 1944. Walikuwa chini ya Jeshi la 14, lile lile lililokuwa na vikosi vya Gurkha. Kama babu yako alikwenda “Bama”, kama walivyoiita wao, huenda kisu hiki alikijua kabla yako.

Basi historia ni ya kweli. Tatizo ni kwamba wachuuzi wamejua utamu wake, nao huitumia kuficha kasoro za kisu. Utaambiwa, kwa mfano, kwamba khukuri ikichomolewa lazima imwage damu kabla ya kurudishwa alani. Huo ni uzushi mtupu. Mwanakijiji anayekatia kuni kila siku angekuwa amekwisha vidole vyote! Vijana wetu wakiuamini uzushi huo, kisu kinakuwa kitu cha kujigambia mbele ya wenzao. Na kisu cha kujigambia ndicho kinachokata watu.

Ni nani aliyekifua?

Khukuri ya kweli hufuliwa na mhunzi kwa nyundo, moto wa makaa na mvukuto. Miji ya Dharan na Bhojpur, mashariki mwa Nepal, inasifika kwa kazi hiyo, na wahunzi wengine wako Kathmandu na vijijini. Chuma kinachopendwa sana ni springi kuukuu za malori. Chuma hicho ni kizuri kwa sababu kiliundwa kibebe mizigo na kustahimili mishtuko ya barabara mbovu. Mhunzi hukikata, hukipasha moto, na mwenzake humsaidia kukipiga nyundo zamu kwa zamu mpaka pindo na tumbo vitokee.

Kisha huja hatua ambayo ndiyo roho ya kisu. Ubapa ukiwa mwekundu kwa moto, mhunzi huchukua birika la maji, akamimina maji polepole kwenye makali tu. Makali hupoa ghafla, yakawa magumu. Mgongo hupoa taratibu, ukabaki laini kiasi. Kwa njia hiyo makali hayabutuki upesi, na mgongo hupokea kishindo bila kuvunjika. Hakuna mashine inayomwonyesha wakati wa kumimina. Hutazama rangi ya chuma kwa macho yake. Akikosea, kisu huwa laini kama bati au huvunjika kama kigae.

Fundi huyu mara nyingi ni mtu wa tabaka la Kami, na wengi wao hutumia jina la ukoo la Bishwakarma, linalotokana na mungu wa mafundi. Ajabu ya dunia, watu hao waliotengeneza kitu ambacho Nepal nzima inajivunia walihesabiwa kuwa ni watu wasiofaa kuguswa. Kisu chao kiliingia katika kila nyumba, lakini wao wenyewe walibaki nje ya mlango. Sheria mpya ya mwaka wa 1963 iliacha kutambua ubaguzi huo, na nyingine ya mwaka wa 2011 ikauwekea adhabu, lakini desturi hufa polepole kuliko sheria inavyoandikwa.

Msomaji asicheke. Hata kwetu, Wamaasai waliwatenga wahunzi wao huku wakitegemea mikuki yao, na Wakikuyu waliiogopa laana ya mhunzi. Kila mtu ataka chuma, wachache humtaka mfua chuma.

Nayaeleza haya kwa sababu yanahusu pesa yako. Vijana wengi wa Nepal huondoka kwenda Ghuba na Malaysia kutafuta kazi, kama wafanyavyo vijana wetu, na watoto wa wahunzi wamo. Mtoto akiona baba yake anapiga nyundo kutwa na faida inaliwa na muuzaji wa mjini, kwa nini arithi mvukuto? Ukinunua kisu kwa anayeweza kukuambia kilifuliwa wapi na nani, senti zako zina nafasi ya kufika penye moto. Baadhi ya wauzaji siku hizi hutaja jina la mhunzi pamoja na kisu. Hao waulize maswali kwanza.

Maswali matano kabla hujalipa

Katika mitaa ya watalii ya Kathmandu, kama vile Thamel, utakuta visu vimepangwa madirishani vinang'aa kama sahani za harusi. Vingine vina mpini wa kichwa cha simba, vingine vimejaa nakshi za shaba. Na kuna vinavyotoka viwandani nje ya Nepal kabisa. Kama wataka pambo la ukutani, nunua bila wasiwasi. Lakini kambini usiende nacho. Kisu cha pambo ukikipiga kwenye gogo, ubapa waweza kuchomoka mpinini ukaruka, na hapo karibu na moto wamekaa watoto wako. Kwa hivyo uliza.

Kwanza, uliza kuhusu msuka, yaani ule ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Kuna aina mbili zinazofaa. Aina moja, msuka ni mpana sawa na mpini wenyewe, na vipande viwili vya mbao vimebanwa kila upande kwa ribiti. Utauona ule mstari wa chuma ukizunguka mpini. Aina ya pili, msuka ni mwembamba kama mkia wa panya, umepita ndani ya mpini mpaka ukatokea nyuma, ukagongwa na kufungwa hapo. Aina isiyofaa ni ule msuka mfupi ulioishia njiani, ukashikwa na gundi peke yake. Kwa hivyo tazama kitako cha mpini. Kisha shika kisu, kitikise karibu na sikio. Kikilia au kikicheza, kirudishe.

Pili, uliza ni chuma gani na kimetiwaje ugumu. Kama uko dukani na mwenye duka amekuruhusu, chukua tupa ndogo uipitishe polepole kwenye tumbo la makali. Makali yaliyotiwa ugumu hufanya tupa iteleze kama juu ya kioo. Ipitishe sasa mgongoni, nayo yapaswa kuuma. Ikiuma pande zote mbili sawasawa, chuma hicho ni laini, makali yake hayatadumu. Usishangae ukiona ncha na sehemu ya karibu na mpini ni laini kidogo kuliko tumbo. Wahunzi wengi huziacha hivyo kwa makusudi.

Tatu, uliza urefu na uzito. Hapa ndipo vijana hukosea, maana kila mmoja ataka kikubwa kumshinda mwenzake. Kumbuka utakibeba mgongoni saa sita ukipanda mlima. Kwa kambi, ubapa wa inchi 8 hadi 10 watosha kabisa. Mkono uliochoka hauwezi kukiongoza kisu kizito, na kisu kisichoongozwa hutafuta pa kuangukia.

Nne, tazama mpini. Mbao ngumu hushinda pembe kwa kazi ya kambini. Pembe ya nyati hupendeza macho, lakini huweza kupasuka hewa ikikauka, na wadudu huipenda. Mpini wa asili una pete ya kuchonga katikati, ambayo wengine huiona inawaumiza kiganja. Kishike kwanza kama utakavyokitumia. Mwisho wa mpini uwe umepanuka kidogo ili mkono wenye jasho usiteleze.

Tano, tazama ala. Ala ya kawaida ni vipande viwili vya mbao vilivyofunikwa kwa ngozi ya nyati. Geuza kisu kichwa chini, ukiwa umeshika ala imara mbali na watu. Kisianguke. Kisha chomoa. Kisikwame hata ulazimike kuvutana nacho.

Ukinunua kupitia intaneti huwezi kupitisha tupa wala kutikisa mpini. Basi mwandikie muuzaji maswali hayo hayo. Taka picha ya kitako cha mpini, taka uzito kwa gramu na unene wa mgongo kwa milimita. Muuzaji anayejua kazi yake atakujibu kwa mistari minne. Akikujibu kwa masimulizi ya vita na mashujaa tu, mwage kwa adabu. Ghali peke yake si ushahidi wa ubora, na rahisi mno nayo, wazee wetu walikwisha kusema, huishia kuwa ghali.

Njiani na mbele ya sheria

Mama aliyeuliza kuhusu mume wake, nawe yeyote utakayeagiza, sikiliza. Kisu hakipandi ndege ndani ya mkoba wa mkononi. Kifungwe vizuri, kitiwe katika sanduku linalokwenda chini ya ndege, na kabla ya safari shirika la ndege liulizwe masharti yake. Kama kitakuja kwa posta, uliza kwanza maafisa wa forodha. Ni afadhali jibu la “hapana” kabla ya kulipa kuliko kisu kuzuiliwa baada ya kulipa.

Kikifika, kikae nyumbani kimefungiwa. Kenya mtu haruhusiwi kujitokeza hadharani na silaha kwa namna ya kutisha watu bila sababu halali, na askari wa barabarani hatakuuliza kama kisu chako kilifuliwa Dharan au Dagoretti. Usikifunge kiunoni ukapanda nacho matatu. Kitie alani, ukizungushie kitambaa, kiwe chini kabisa ya mfuko wako wa safari pamoja na hema na sufuria, nawe uwe kweli unakwenda kambini.

Jambo jingine, katika mbuga na misitu ya serikali ni kosa kukata mti bila ruhusa. Kuwa na kisu kikali hakukupi haki ya mti. Hata huko Nepal kwenyewe, katika Mbuga ya Sagarmatha ulipo Mlima Everest, wasafiri wamekatazwa kutumia kuni. Lazima wabebe mafuta au gesi, kwa sababu miti ya mlimani hukua polepole na wapandaji ni wengi. Kwa hivyo khukuri yako itapata kazi zaidi kwenye shamba la mjomba au kwenye kambi ambapo mwenyewe amekupa kuni za kupasua.

Kambini

Kanuni ya kwanza huanza kabla kisu hakijatoka. Unapochomoa, shika ala upande wa mgongo wa kisu, vidole visizunguke upande wa makali. Ile ngozi iliyofunika mbao haiwezi kuzuia makali yaliyopenya kwenye mshono, na wengi wamekatwa na kisu kikiwa bado alani. Fundisha mtoto jambo hili kabla ya jingine lolote.

Pili, nyosha mkono wenye kisu kilicho alani, ujizungushe polepole mahali ulipo. Yeyote unayeweza kumfikia asogee. Tatu, weka kuni juu ya gogo, si juu ya jiwe wala udongo, na upige goti ukate. Ukikosa shabaha, kisu kitaingia kwenye gogo au ardhini, hakitafika kwenye muundi wako. Nne, usikitumie kisu kubanduliwa kitu kama mtaimbo, wala usikipige mgongoni kwa nyundo au jiwe. Tano, giza likiingia, kisu kirudi alani. Kuni za usiku zipasuliwe jioni.

Mtoto ashike lini? Sitakupa umri, maana wapo wa miaka kumi wenye utulivu na wapo wa ishirini wasio nao. Kipimo changu ni hiki: mtoto ambaye bado hukimbia akiwa na kisu cha jikoni hajafikia khukuri. Na kwenye sanduku la dawa, pamba, bendeji na kitambaa safi visikosekane. Mtu akikatwa, bana jeraha kwa nguvu, inua kiungo hicho, na umpeleke hospitalini ikiwa damu haikomi.

Ukimaliza kazi, futa utomvu na maji, kausha, upake mafuta mepesi kama yale ya cherehani. Chuma cha springi hushika kutu upesi, na nyinyi wa Mombasa na Malindi mnaujua upepo wa chumvi. Kisikae alani miezi mingi, kwa maana ngozi huhifadhi unyevu. Kukinoa, tumia kinoo kidogo unachoweza kukisogeza kwa mkono kufuata pindo.

Je, unakihitaji?

Sasa nimjibu kijana wa chuo kikuu waziwazi. Kama chama chenu hupanda Longonot asubuhi na kurudi jioni, zile pesa mlizochanga nunueni kamba nzuri na taa za kichwa. Kisu kidogo cha mfukoni kitawakatia mkate. Kama mnapiga kambi mara kwa mara mahali panaporuhusiwa kuni, na kuna mmoja wenu atakayekitunza kisu na kujibu juu yake, basi khukuri moja iliyofuliwa vizuri itawafaa, na yaweza kuwafaa hata wadogo zenu watakaokuja nyuma.

Lakini kabla hamjatuma pesa ng'ambo, piteni Kamukunji hapa Nairobi. Mtawakuta mafundi wa jua kali wakipiga nyundo juu ya vyuma chakavu, zikiwamo springi za malori, kama wenzao wa Dharan. Hawatengenezi khukuri, lakini chuma wanakijua. Waulizeni maswali yale yale: chuma gani, ugumu umetiwaje, msuka umefika wapi. Fundi anayejibu vizuri aweza kuwatengenezea kisu kifupi kizito kwa kipimo chenu, nanyi mtamjua kwa uso, na mpini ukilegea mtajua pa kumpata.

Naye mama nimwambie hivi. Mume wako akipata khukuri ya kazi kwa mtu anayemjua mhunzi, na ailete. Iwe ya nyumba, isiwe ya kitinda mimba. Siku ya kwanza itakapotoka alani, baba awepo, kuni ziwepo, na mtoto aambiwe kwamba kisu hiki hakikufuliwa kumwaga damu ya mtu. Kilifuliwa na baba wa watu, kwa springi ya lori na birika la maji, ili nyumba ipate kuni.

Haya basi, wasomaji wangu. Noeni visu, lakini noeni busara kwanza. Jumapili njema, na tukutane juma lijalo Mungu akipenda.